Maji Yasiyotiwa Chumvi

Serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipokwisha kuwashinda watu wa Kikole kwa bunduki, iligeuka ikaanza kupigana na neno.

Neno lenyewe lilikuwa maji. Mwaka uliotangulia, wanaume wa nchi ya Wamatumbi na majirani zao walinyweshwa na kupakwa maji ya dawa, wakaambiwa kuwa risasi zitageuka matone zikiwagusa, nao wakazifuata risasi hizo kwa mikuki na magobori. Hawakwenda kwa upumbavu. Walikwenda kwa sababu ya shamba la pamba na kiboko, na mtu aliyechapwa vya kutosha humwamini yeyote amwambiaye kuwa kesho hatachapwa. Risasi hazikugeuka. Basi Akida Fakihi bin Abdurahmani, aliyewekwa na serikali kuitawala Kikole na vijiji vya kando, alipiga baragumu, akawakusanya waliosalia, akawasomea tangazo: atakayetoa maji ya dawa, atakayeyapokea na atakayeyasifu, wote kitanzi. Kisha akaikunja karatasi yake na kwenda kula. Kula kulikuwa kwake tu siku zile, maana maghala ya mtama ya wengine yalikuwa yamechomwa moto kwa ajili ya kuleta amani.

Watu waliokwisha kuona wenzao wakining'inia Kilwa Kivinje hawangoji kufafanuliwa sheria. Tangazo lilisema maji ya dawa. Wao, kwa tahadhari, waliacha maji yote. Wanawake walisema wanakwenda kuchota "ile ya kisimani". Mwalimu wa chuo cha Kurani aliwafundisha watoto kutawadha kwa "kitu safi". Paa la nyumba moja liliposhika moto, mwenye nyumba alisimama uani akipiga kelele, "Leteni! Leteni ile! Ile jamani!" Wa kwanza kufika alimletea jembe. Nyumba iliteketea kwa utii mkubwa kabisa, na Akida akasema kijiji kimeanza kustaarabika.

Katika kijiji hicho kilichostaarabika aliishi mjane mmoja, Mboni binti Nassibu, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mkavu, asiyejua kumchekea mtu kwa adabu. Alijua kitu kimoja tu cha maana, lakini alikijua vizuri, na hilo linatosha kumtofautisha na wengi waliopata vyeo. Alijua uyoga wa gogo.

Uyoga huo si ule wa kutia mchuzini na karanga. Ni mgumu kama kwato. Huota kwenye magogo ya mkongo yaliyoanguka na kuoza, juu una rangi ya ngozi kuukuu, chini mweupe, na huo weupe ukiukwaruza kwa ukucha huacha mstari wa kahawia. Usiokwaruzika hivyo Mboni aliuacha palepale, hata kama umefanana na mwenzake kama pacha, maana aliwahi kuosha maiti za watu waliokula mapacha. Aliukatakata, akaukausha kwenye uchaga juu ya moshi, na mgonjwa wa tumbo la kuhara damu alipoletwa, aliuchemsha tangu jua linapochomoza mpaka adhuhuri, chungu kikipungua hadi nusu, kinywaji kikawa cheusi na kichungu kiasi cha kumfanya mtu mzima amkumbuke mama yake.

Siku hizi mabingwa hukausha uyoga wa jamii hiyo, hukamua dawa yake, huitia kwenye visahani vyenye vijidudu vya tumbo, na baadhi ya vijidudu hivyo hukoma kuzaana. Mabingwa hushangaa, huandika, hupongezana. Mboni hakuwa na visahani. Alikuwa na chungu, na alikuwa na macho. Aliona kuwa kati ya wagonjwa kumi, sita au saba husimama, na hakuwahi kumwambia mtu kuwa ni kumi. Pengine kazi nyingine ilifanywa na moto wenyewe, kwa kuwa kinywaji kilichochemka nusu ya siku hakina kiumbe kilicho hai ndani yake. Mboni hangebishana na hilo. Hakuwa akibishania sifa.

Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, alikunywa yeye kwanza, mbele ya mgonjwa, kikombe kizima. La pili, hakutaka kuku wala mtama, alitaka shimo. Aliyepona alichimba shimo la choo mbali na kisima, la urefu wa mtu hadi kifuani, naye Mboni alikwenda kulipima mwenyewe kwa kuingia ndani. Kwa ajili hiyo hakupendwa. Mtu humpa mganga kuku na kumsifu kijiji kizima, lakini mganga anayekuambia kuwa ugonjwa umeutoa nyuma ya nyumba yako mwenyewe, huyo ana kiburi.

Vita vilimchukulia mume, Bakary. Wajumbe wa ile dawa ya risasi walipofika Kikole, Mboni aliwauliza swali moja mbele ya watu: "Nani kati yenu ameinywa kisha akapigwa risasi, akabaki mzima? Ajitokeze tumwone." Hakujitokeza mtu. Walimwita mwoga na kibaraka wa Wadachi, na Bakary kwa aibu alikunywa vikombe viwili. Alirudishwa siku ya tisa amefungwa kwenye mkeka. Tangu siku hiyo Mboni aliapa kuwa kinywa chake hakitaliita jambo lolote kwa jina lisilo lake. Kiapo kama hicho ni rahisi kukitamka. Tatizo lake ni kwamba baadaye mtu huulizwa maswali.

Masika yalipoingia, njaa ilikuwa imewafanya watu mifupa, na kuhara damu kukaingia kijijini kama mgeni aliyealikwa. Mtoto wa jirani, Kudra, msichana wa miaka saba, alishikwa vibaya. Mboni alimnywesha siku nne. Siku ya tano Kudra aliomba chakula, jambo ambalo mwaka ule lilikuwa dalili ya afya na pia kichekesho. Mama yake, Adija, aliyekwisha kuzika watoto wawili, alitoka mbio hadi mahali ambapo watu walikuwa wakigawana mizizi ya porini, akainua mikono, akasahau kila alichofundishwa na serikali.

"Maji ya Mboni!" alilia kwa furaha. "Jamani, maji ya Mboni yameniponyeshea mwanangu!"

Mtu mmoja alianza kuondoka taratibu kinyumenyume. Rashidi, askari wa Akida, aliyekuwa ameegemea nguzo akichokonoa meno ambayo hayakuwa na cha kuchokonolewa, alisimama wima.

"Umesema nini, mama?"

"Nimesema..." Adija alishika kinywa. "Nimesema ile. Ile ya Mboni."

"Usinigeuzie. Umesema maji."

Alasiri hiyohiyo Mboni alifungiwa katika ghala la pamba la Akida. Chungu chake na kikapu chake cha uyoga vilichukuliwa kuwa ushahidi, na barua ikapelekwa Kilwa Kivinje kumwita Bwana Shauri, yaani yule Mdachi aliyekuwa akisikiliza kesi. Angefika siku ya sita. Akida Fakihi alifurahi kupita kiasi. Maakida wenzake wote walikuwa wamekwisha kukamata mtu wa maji, na yeye alikuwa hajapata hata mmoja. Ilianza kuonekana kama uvivu.

"Bwana Shauri akiona chungu hiki," alimwambia Mboni kwenye mlango wa ghala, "hutamaliza hata sentensi moja. Unajua kamba yenyewe inatoka Ulaya? Si katani ya hapa."

"Nimesikia," Mboni alisema. "Je, mnachimba choo wapi?"

"Nini?"

"Wewe na askari wako. Naona mnapanda pale juu ya kisima kila asubuhi. Mvua inashuka kutoka pale."

Akida alisema mwanamke huyu ana wazimu na akaamuru mlango ufungwe.

Siku ya tatu Akida hakuonekana barazani. Siku ya nne Rashidi aliulizwa habari za bwana wake, akasema Akida anatafakari mambo ya serikali. Kijiji kizima kilimwona akitafakari: alitafakari kwa mbio, ameshika kanzu kwa mikono miwili, kutoka nyumbani hadi kichakani, mara kumi na saba kabla ya adhuhuri. Alikuwa na dawa ya boma, chupa ya mafuta ya mbarika, ambayo boma lilitoa kwa maradhi yote pasipo ubaguzi. Mafuta ya mbarika hufungua tumbo. Tumbo la Akida lilikuwa na kila kitu isipokuwa haja ya kufunguliwa. Aliyanywa mara mbili kwa uaminifu wa mtumishi wa serikali, na jioni damu ikaonekana.

Siku ya tano, alfajiri, mlango wa ghala ulifunguliwa. Akida aliingia ameinama, uso umegeuka rangi ya majivu, akajishika ukutani.

"Shikamoo, Bi Mboni," alisema.

Mboni alikuwa amekaa juu ya gunia la pamba. Tangu mtu huyu awekwe Kikole hakuwahi kumpa shikamoo mtu yeyote asiyevaa viatu.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Unaona mwenyewe. Nakuomba... unitengenezee ule..." Alitafuta neno. "Ule mchuzi wako."

"Sina mchuzi."

"Kile cha chunguni, mama yangu. Usinitese."

"Cha chunguni ni maji. Maji na uyoga."

Akida alitazama nyuma upesi, kama vile neno lenyewe lingeweza kumshitaki. "Sema polepole! Unataka tunyongwe wote?"

"Mimi ndiye nitakayenyongwa kesho. Wewe hujanywa bado. Ukinywa, tutakuwa wawili, kwa tangazo lako: atakayetoa na atakayepokea."

Hili Akida hakuwa amelifikiria. Lilimwingia polepole, lakini tumbo lilimharakisha. Alitoka mbio, akarudi baada ya kitambo, akaketi chini sakafuni, kanzu na vyote.

"Niponye," alisema. "Kesho utamwambia Bwana Shauri kuwa ni mchuzi, nami nitaapa kuwa ni mchuzi. Basi! Neno moja, na shingo zetu zote mbili zimepona. Kuna ugumu gani?"

"Mume wangu aliuawa na uongo juu ya maji," Mboni alisema. "Siwezi kuongeza wangu."

"Huu si uongo, ni busara!"

"Wajumbe wa dawa nao walisema hivyohivyo."

Akida alipiga kichwa chake ukutani, si kwa nguvu. "Bi Mboni. Kamba. Unaielewa kamba?"

Mboni aliielewa. Isidhaniwe kuwa mtu mkweli haogopi kufa. Mboni alikuwa hajalala usiku nne, na kila alipomeza mate alihisi mahali yanapopita. Alitamani kuishi kwa moyo wote, hata katika mwaka ule mbaya, hata katika Kikole ya Akida Fakihi. Alifikiri kama mpishi, na mwisho akainua kichwa.

"Mchuzi ni nini?" aliuliza.

"Mchuzi? Mchuzi ni mchuzi!"

"Ulichochemsha bila chumvi ni maji tu, hata ukitia nyama. Mama yangu alinipiga mwiko kwa sababu hiyo. Ukitia chumvi, ni mchuzi. Mbaya, mzuri, lakini mchuzi. Kikole nzima haijaonja chumvi tangu njia ya pwani ifungwe. Wewe unayo."

Akida alikuwa nayo. Alikuwa na makanda sita ya chumvi, mifuko ya ukindu aliyoinyang'anya kwa wachuuzi waliotoka pwani ili isiwafikie waasi. Waasi walikuwa wamekwisha kufa au kusalimu amri miezi mingi, lakini chumvi ilikuwa bado ikilindwa dhidi yao.

"Chukua," alisema kwa unyonge. "Chukua kiganja."

"Utatia wewe, kwa mkono wako. Kisha ikiwa si mchuzi, mpishi ni wewe."

Chungu na kikapu vikaletwa, naye akaitia. Mboni aliuchemsha hadi adhuhuri, akanywa kikombe chake kwanza, kisha akampa. Akida alikunywa, akakunja uso, akasema neno ambalo halikufaa kwa mtu wa cheo chake. Jioni alikwenda kichakani mara sita tu. Asubuhi ya siku ya sita mara mbili, tena kwa mwendo wa kawaida.

"Kumbuka," Mboni alimwambia alipokuwa akitolewa ghalani kwenda kwenye kesi. "Nitajibu nitakachoulizwa. Bwana Shauri akiniuliza juu ya kile alichokunywa mtoto wa Adija, kile hakikuwa na chumvi. Nitasema maji."

Rangi ya majivu ilimrudia Akida usoni, na safari hii si kwa sababu ya tumbo.

Bwana Shauri alikuwa kijana mwembamba mwekundu, mwenye daftari kubwa na Kiswahili kidogo. Aliketi barazani, wanakijiji wakaketi vumbini, na chungu kikawekwa mezani. Kilikuwa na masalio ya jana. Alikichungulia kwa fimbo yake.

Kiswahili chake alikuwa amekisoma melini, kwenye kijitabu, na inaonekana meli ilifika kabla ya sura ya wakati uliopita. Kwake mambo yote ya dunia yalikuwa yakitendeka sasa hivi.

"Wewe mwanamke," alisema, "wewe napa watu nini?"

Mboni alimtazama, akalipima swali neno kwa neno, kama anavyolipima shimo.

"Nawapa mchuzi, Bwana," alisema. "Una uyoga, una chumvi."

"Mchuzi?" Bwana Shauri alitazama karatasi ya mashitaka. "Hapa andika maji."

"Kilichomo humo chunguni ni mchuzi. Onja."

Akida alifumba macho. Bwana Shauri alichovya kidole, akakiramba, na uso wake mwekundu ukajikunja wote kwa pamoja.

"Chumvi," alikubali, akitema. Alimgeukia Adija, aliyesukumwa mbele. "Na wewe! Wewe nasema maji?"

"Mimi?" Adija alitazama kulia, akatazama kushoto. "Hapana, Bwana. Sasa hivi sisemi kabisa."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kwa namna iliyofanana sana na kicheko.

"Akida! Wewe najua hii?"

"Naijua, Bwana," alisema Akida Fakihi, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. "Ni mchuzi. Mimi mwenyewe naunywa. Chumvi natia mimi. Wallahi, Bwana, ni mchuzi wa nyumbani kwangu."

Bwana Shauri aliandika kwa muda mrefu. Akatangaza hukumu: mwanamke huyu hana maji. Ana mchuzi mbaya sana. Kupika vibaya si kosa la serikali. Akafunga daftari, akapanda punda wake, na njiani akaulizia kama Akida hupikiwa hivyo kila siku, maskini.

Wapo watakaosema Mboni naye alidanganya, ila kwa ustadi. Wachunguze upya. Aliulizwa anawapa nini, akajibu anachowapa. Angeulizwa aliwapa nini, angenyongwa, na alikuwa tayari. Akida ndiye hakuwa tayari. Kosa la mtu mwingine katika sarufi halihesabiwi kuwa dhambi yako. Tena tangu dakika ile aliifanya kauli yake kuwa kweli kwa njia ambayo Akida hakuitarajia.

Kesho yake asubuhi alibisha nyumbani kwa Akida na kikapu.

"Nimekuja kuchukua chumvi," alisema.

"Chumvi gani tena? Umeachiwa!"

"Nina wagonjwa kumi na mmoja. Umeapa mbele ya Bwana Shauri kuwa nawapa mchuzi, na chumvi unatia wewe. Nikiwapa bila chumvi, ni maji, nami nitasema ni maji kwa yeyote atakayeniuliza, na wewe uliyekunywa na kuapa utakuwa..."

"Ngoja," alisema Akida. "Ngoja, ngoja." Akaenda mwenyewe akachota.

"Na choo cha askari kihame kutoka juu ya kisima. Hayo ndiyo malipo yako ya kupona. Mpaka kifuani. Nitaingia kupima."

Rashidi na wenzake walichimba siku mbili mvuani, wakilalamika kuwa hawakuajiriwa kwa kazi hiyo. Mboni aliingia shimoni, akasimama, akasema bado kiganja kimoja. Walichimba kiganja kimoja.

Kila Jumatatu na Alhamisi, kwa miezi yote ya masika, kanda la chumvi lilifunguliwa, na chumvi ya Akida ikaenda vyunguni mwa Kikole kwa hofu ya neno moja. Wagonjwa walipungua. Baadhi walikufa hata hivyo, kwa sababu njaa haitibiwi kwa uyoga, na Mboni aliwaosha na kunyamaza.

Wala wema wa watu haukuongezeka kwa sababu hiyo, usidhani. Habari zilipoenea kuwa dawa ya tumbo ina chumvi, matumbo ya Kikole yaliugua kwa wingi wa kustaajabisha. Walikuja wazima, mashavu yameanza kujaa, wameshika viuno na kugumia.

Mmoja wao, mwanamke wa upande wa mashariki wa kijiji, alipewa kikombe, akapuliza, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho kwa raha.

"Mama Mboni," alisema, "huna wenye uyoga kidogo zaidi na chumvi nyingi zaidi?"

Mboni alimnyang'anya kikombe.

"Wewe unaumwa tumbo," alimwuliza, "au unaumwa ulimi?"

"Tumbo, mama. Tumbo kabisa."

"Basi jembe lile pale. Mpaka kifuani."

Mwanamke alilitazama jembe, akaitazama chumvi ikimetameta ukingoni mwa kikombe. Kisha, akiguna na kulaani, akaenda kuchimba.